Alfred Wilm: Mkemia aliyefichua siri ya alumini, kisha akarejea shambani

KATIKA karakana za pikipiki zilizo kando ya barabara mjini Kipkelion, Kaunti ya Kericho, pistoni iliyokwisha kazi haitupwi ovyo. Hutiwa guniani pamoja na vichwa vya silinda vilivyopasuka, ringi za magurudumu zilizopinda na sufuria zilizotoboka, gunia likasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwisho wa safari yake ni tanuri la mafundi wa jua kali, ambako vyote huyeyushwa pamoja na kusubiwa upya katika kalibu za udongo na mchanga.

Kifaa kitokacho katika kalibu hiyo huweza kufanana na cha kiwandani kama shilingi kwa ya pili. Uzito ni ule ule, umbo ni lile lile, na baada ya kupigwa msasa hung'aa vile vile. Nguvu ndizo zisizofanana. Mwendeshaji wa bodaboda anayeshuka miteremko ya Kipkelion kuelekea bonde la Nyando akiwa na abiria wawili na mkebe wa maziwa hana njia ya kuiona tofauti hiyo kwa macho, ila atakapovunjikiwa na kifaa njiani.

Chanzo cha tofauti hiyo ni joto: metali ilipashwa moto kwa kiasi gani, ikapozwa kwa kasi gani, na baada ya hapo ikaachwa kwa muda gani. Aliyefungua mlango wa elimu hiyo kwa upande wa alumini ni mkemia wa Kijerumani, Alfred Wilm, ambaye jina lake linajulikana mno kwa wahandisi wa ndege lakini halisikiki kamwe katika karakana zinazoishi kwa ugunduzi wake.

Wilm alizaliwa Juni 25, 1869 katika kijiji cha Niederschellendorf, jimbo la Silesia, lililokuwa wakati huo sehemu ya ufalme wa Prussia. Alisomea kemia. Alipokuwa angali kijana, metali ambayo ingempa umaarufu ilikuwa bado ghali. Ni mwaka wa 1886 ambapo Mmarekani Charles Martin Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja kwa wakati wake na bila ya kushauriana, walipata njia ya kuitenga alumini kwa nguvu za umeme. Bei ikaporomoka. Katika muda wa miaka michache, metali iliyokuwa ikiwekwa pamoja na vito ikawa bidhaa ya kiwanda.

Hata hivyo, ilikuwa bidhaa iliyotafuta kazi. Alumini ni nyepesi, uzito wake ukiwa takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma, na haishiki kutu kama chuma. Lakini ikiwa tupu ni laini mno. Ilifaa kwa vyombo vya jikoni na mapambo. Hakuna mhandisi ambaye angeikabidhi uhai wa watu.

Mwaka wa 1901 Wilm aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kisayansi na kiufundi kilichokuwa Neubabelsberg, karibu na Berlin. Ni mwaka ule ule ambao reli kutoka Mombasa, baada ya kupanda Mau na kuteremka kupitia kituo kilichoitwa Lumbwa, ilifika Kisumu. Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Mabehewa na madaraja ya reli hiyo yote yalikuwa ya chuma na mbao, kwa maana hapakuwapo metali nyingine ya kutegemewa kwa kazi nzito.

Kazi aliyopewa Wilm haikuwa ya ndege wala ya magari. Ilikuwa ya risasi. Jeshi na watengenezaji silaha wa Ujerumani walitaka kujua kama maganda ya risasi, ambayo hutengenezwa kwa shaba nyeupe, yangeweza kutengenezwa kwa alumini ili kupunguza uzito na gharama. Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi alumini ifanywe ngumu.

Kila mhunzi anajua kwamba chuma cha pua kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikatumbukizwa majini huwa kigumu papo hapo. Wilm alijiuliza kama alumini iliyochanganywa na metali nyingine ingefanya vivyo hivyo. Akaanza kuichanganya na shaba nyekundu kidogo, baadaye akaongeza chembe za magnesi. Kila mchanganyiko aliupasha moto hadi kufikia nyuzi 500 na ushei za selsiasi, akautumbukiza majini, akaupima. Kwa miaka kadhaa hakupata jambo la maana. Tofauti na chuma, aloi zake zilitoka majini zikiwa laini.

Jibu lilikuja mwaka wa 1906, na lilikuja kwa sababu ya mapumziko ya mwisho wa juma. Kama inavyosimuliwa katika historia ya metali, siku moja ya Jumamosi Wilm aliandaa kipande cha aloi yenye takriban asilimia nne ya shaba na nusu asilimia ya magnesi. Kilipashwa moto na kutumbukizwa majini kama kawaida, na msaidizi wake akapima ugumu wake haraka haraka kabla ya kwenda zake. Matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Jumatatu waliporudi kukamilisha vipimo, kipande kile kile, ambacho hakuna aliyekigusa, kilikuwa kigumu zaidi.

Mtu mwingine angesema kwamba mashine ya kupimia imeharibika, akaitengeneza na kuendelea na shughuli nyingine. Wilm naye aliishuku mashine kwanza. Tofauti ni kwamba hakuishia hapo. Alirudia jaribio, akipima saa baada ya saa, na kuona kwamba ugumu ulianza kupanda muda mfupi baada ya aloi kutolewa majini, ukaendelea kupanda kwa siku nne hivi, kisha ukatulia. Aloi ilikuwa ikijiimarisha yenyewe, mezani, katika joto la kawaida la chumba. Hapakuwa na metali nyingine iliyojulikana kufanya hivyo. Nguvu zake zilizidi zile za alumini tupu zaidi ya mara nne.

Mwaka wa 1909 Wilm aliwasilisha ombi la hataza kwa njia yake ya kuimarisha aloi za alumini zenye magnesi. Kiwanda cha metali cha mji wa Düren kilipata haki ya kuitengeneza aloi hiyo, nacho kikaiuza kwa jina la duralumini. Wilm mwenyewe alichapisha maelezo ya kazi yake mwaka wa 1911.

Maganda ya risasi, yaliyokuwa kiini cha utafiti wote, yakasahaulika. Waliokuja mbio ni watu wa angani. Nchini Uingereza kampuni ya Vickers iliitumia duralumini kuunda meli ya hewani iliyopewa jina la utani la Mayfly, ambayo Septemba 1911 ilivunjika mgongo ilipokuwa ikitolewa bandani huko Barrow, kabla ya kuruka hata mara moja. Wajerumani walikuwa na subira zaidi. Kuanzia mwaka wa 1914, kwa meli iliyopewa nambari LZ 26, kampuni ya Zeppelin ilianza kuunda mifupa ya meli zake kwa duralumini.

Mojawapo ya meli hizo nusura ifike Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 21, 1917, meli ya hewani L 59, yenye urefu wa zaidi ya mita 220, iling'oa nanga mjini Jamboli, Bulgaria, chini ya uongozi wa Ludwig Bockholt. Ilibeba takriban tani 15 za silaha, risasi na dawa kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa na Waingereza kusini mwa Tanganyika ya baadaye. Haikukusudiwa kurudi, kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kuijaza tena. Mpango ulikuwa kuichinja kama ng'ombe na kutotupa hata kwato: turubai lake lingegeuzwa mahema na nguo, na mifupa yake ya duralumini ingejengewa majengo na minara ya redio.

Ikiwa juu ya Sudan, magharibi mwa Khartoum, ilipokea kwa redio amri ya kurejea, kwa hoja kwamba mahali ilipotarajiwa kutua palikuwa pameangukia mikononi mwa adui. Iligeuza njia na kutua tena Jamboli Novemba 25, siku ile ile ambayo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Ilikuwa imekaa angani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700 bila ya kutua. Wapagazi Waafrika wa pande zote mbili, ambao vita hivyo viliwaua kwa makumi ya maelfu, hawakupata kuona hata kivuli chake.

Ifahamike kwamba duralumini ya Wilm ni metali ya kufuliwa na kukandamizwa iwe mabamba na vyuma vyembamba. Vifaa vya kusubiwa, yaani vile vinavyopata umbo kwa kumiminwa katika kalibu vikiwa uji, vilifuata njia yao. Injini iliyowarusha ndugu Wright nchini Marekani mwaka wa 1903 ilikuwa na kasha la alumini ya kusubiwa lenye takriban asilimia nane ya shaba. Wataalamu waliolichunguza kasha hilo kwa hadubini za kisasa na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1994 walikuta ndani yake alama zile zile za kuimarika alizozigundua Wilm miaka mitatu baadaye. Ndugu Wright na fundi wao hawakuwa na habari. Joto la kalibu lenyewe lilikuwa limewafanyia kazi.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza huko Teddington ilibuni aloi iliyojulikana kwa herufi Y, yenye shaba, nikeli na magnesi, ambayo ilisubiwa na kisha kutibiwa kwa joto kwa kufuata kanuni ya Wilm. Ilistahimili moto wa injini, ikatengenezewa pistoni. Mapema miaka ya 1920 zikafuata aloi zenye silikoni nyingi, ambazo ndizo mama wa pistoni na vichwa vya silinda vya pikipiki zinazopanda na kushuka Kipkelion, Londiani na Fort Ternan hivi leo.

Katika vifaa hivyo vya kusubiwa ndimo ulimojitokeza upande wa pili wa ugunduzi wa Wilm, ambao wahandisi wanahangaika nao mpaka sasa. Kifaa kikitoka tanurini na kutumbukizwa katika maji baridi, ngozi yake hupoa na kujikunyata kwanza ilhali moyo wake ungali moto. Moyo nao unapopoa baadaye hutaka kujikunyata, ukakuta ngozi imekwisha kukaza. Hapo huanza mvutano usioonekana: ngozi inabanwa, moyo unavutwa, na hakuna upande unaoshinda. Kifaa kinalala mezani kimya kana kwamba hakina neno, kumbe ndani yake mna kamba zilizokazwa.

Huo ndio mkazo unaobaki ndani ya metali. Katika pistoni au kichwa cha silinda mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu mna sehemu nene na nyembamba zilizoungana, na nyembamba hupoa mbele ya nene. Fundi akikata tabaka la juu kwa mashine, anakuwa amekata baadhi ya kamba hizo, na kifaa kilichokuwa kimenyooka kinapinda mbele ya macho yake. Kisipopinda, huweza kupasuka miezi kadhaa baadaye, mahali ambapo mzigo wa kazi umejumlika na mkazo uliokuwamo tangu siku ya kwanza.

Dawa ya mkato ingekuwa kukipasha kifaa moto tena ili kamba hizo zilegee. Taabu ni kwamba joto linalotosha kuzilegeza kwa kiasi kikubwa ndilo joto linaloziharibu nguvu ambazo Wilm alizitafuta. Joto la kawaida la kukomazia aloi za kusubiwa, la kati ya nyuzi 150 na 200 hivi, hulegeza sehemu ndogo tu. Kwa hiyo viwanda vimechagua njia ya kati. Badala ya maji baridi hutumia maji ya moto yanayokaribia kuchemka, ili kifaa kipoe kwa kasi ya wastani. Nguvu kidogo hupotea, na mkazo mwingi huepukwa. Mhandisi anayesubu kifaa muhimu hulipa upande mmoja ili apate upande mwingine, na hesabu hiyo haina jibu moja kwa vifaa vyote.

Fundi wa jua kali anayeyeyusha pistoni 20 pamoja na sufuria hana nafasi ya kufanya hesabu hiyo. Kwanza, hajui tena mna shaba, silikoni au magnesi kiasi gani katika uji wake. Pili, kazi yote ya joto iliyofanywa kiwandani hufutika mara metali inapoyeyuka. Hata yule asiyeyeyusha, bali anainyoosha ringi iliyopinda kwa moto wa gesi, hufuta kwa dakika chache kile kilichochukua saa nyingi za tanuri. Sufuria au mwiko wa kusubiwa kwa njia hiyo hauna hatia. Ringi ya gurudumu ni jambo jingine, na hapa lawama haiwezi kubebeshwa fundi ambaye hakuna aliyemweleza.

Kwa Wilm, umaarufu wa metali yake haukumletea utulivu. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, mataifa yaliyopigana na Ujerumani hayakujiona tena yakifungwa na hataza za Wajerumani. Duralumini ikatengenezwa pande zote za mstari wa vita. Mwaka wa 1919, ambapo kiwanda cha Junkers kilirusha ndege yake F 13 ya abiria iliyoundwa kwa duralumini kuanzia mbawa hadi mkia, mgunduzi wa metali hiyo, akiwa na umri wa miaka 50, aliachana na utafiti. Alihamia Saalberg, kijiji cha milimani katika jimbo lake la Silesia, akawa mkulima. Hakuirudia maabara tena.

Jambo la ajabu ni kwamba aliondoka bila ya kujua kwa nini aloi yake iliimarika. Alijua namna ya kufanya na muda wa kungoja. Sababu ilikuwa imejificha, kwa kuwa hadubini za wakati huo hazikuonyesha badiliko lolote kati ya kipande cha Jumamosi na kile cha Jumatatu.

Maelezo yalitolewa mwaka huo huo wa 1919 mjini Washington, na Paul Merica na wenzake wawili wa idara ya viwango ya serikali ya Marekani. Walisema mambo huenda kama sukari ndani ya chai. Chai ya moto huyeyusha sukari nyingi kuliko iliyopoa. Vivyo hivyo alumini yenye joto la nyuzi 500, ingawa bado ni yabisi, humeza shaba nyingi kuliko alumini baridi. Ikipozwa ghafla, shaba hunaswa humo bila ya kupata nafasi ya kutoka. Kisha, taratibu, huanza kujikusanya katika vijifundo vidogo mno. Metali hupinda pale matabaka yake ya atomi yanapoteleza moja juu ya jingine, na vijifundo hivyo huyazuia yasiteleze kama changarawe chini ya mlango.

Kwa kuelewa hivyo, wataalamu waliweza sasa kutafuta kwa makusudi kile ambacho Wilm alikipata kwa kuvizia. Aloi mpya zikazaliwa moja baada ya nyingine. Viwandani, misumari ya ribiti ya kuungia ndege iliwekwa katika masanduku ya barafu mara baada ya kutibiwa, ili baridi iichelewesha kukomaa mpaka itakapopigwa.

Mwaka wa 1937 metali za ukoo huo zilifika karibu kabisa na Kipkelion. Shirika la Imperial Airways lilianza kutumia ndege kubwa zinazotua majini katika safari zake za kutoka Uingereza hadi Durban, na ghuba ya Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Abiria aliyepanda gari la moshi pale Lumbwa aliweza kuteremka hadi ziwani na kuikuta ndege ya alumini ikielea, mafundi wakiizunguka kwa mashua. Mwaka huo huo, Mei 6, meli ya hewani Hindenburg iliteketea kwa moto huko Lakehurst, Marekani, na picha za mifupa yake ya duralumini ikiporomoka zikaenea duniani kote.

Alfred Wilm alifariki Agosti 6, 1937 kijijini Saalberg, akiwa na umri wa miaka 68.

Vijifundo vya Merica vilikuwa bado nadharia, kwani hakuna aliyewahi kuviona. Mwaka uliofuata, 1938, André Guinier nchini Ufaransa na George Preston nchini Uingereza, kila mmoja akifanya kazi peke yake, waliipiga aloi ya alumini na shaba kwa miale ya eksirei na kuzipata alama za vijifundo hivyo, ambavyo unene wake ni wa atomi chache tu. Hadi leo vinaitwa kwa majina yao wawili. Ama Saalberg, baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliingia katika mipaka ya Poland, na sasa inaitwa Zachełmie.